Zuio la Seneta Mmoja: Kisa cha Vyeo vya Majenerali wa Marekani Vilivyokwama Mwaka 2023

Jenerali David Berger alipoacha uongozi wa Kikosi cha Marine cha Marekani tarehe 10 Julai 2023, hapakuwa na mrithi aliyethibitishwa wa kupokea madaraka yake, jambo ambalo lilikuwa halijatokea katika kikosi hicho kwa zaidi ya miaka mia moja. Si kwamba mrithi hakupatikana. Rais Joe Biden alikwisha kumteua Jenerali Eric Smith, na katika mabishano yote yaliyofuata hakuna aliyesimama kusema kwamba Smith hafai. Ilikosekana kura ya Seneti tu, na kura hiyo ilikosekana kwa sababu seneta mmoja kati ya mia, Tommy Tuberville wa jimbo la Alabama, alikuwa amekataa kuiruhusu ipite kwa njia iliyozoeleka. Kufikia Desemba mwaka huo maofisa zaidi ya 400 walikuwa wamekwama pamoja na Smith au nyuma yake.

Kisa hiki kimeandikwa sana kama mgogoro wa siasa za utoaji mimba, na kwa hakika ndiko kilikoanzia. Uchambuzi huu unakitazama kutoka upande mwingine, yaani upande wa namna nchi inavyowapata viongozi wake wa juu wa kijeshi, inavyowalipa na inavyowaandaa, kwa sababu zuio lile lilifichua viungo vya mfumo huo ambavyo katika hali ya kawaida havionekani. Hoja yangu ni kwamba waliotajwa zaidi, yaani majenerali wa nyota nne, wenye cheo cha juu kabisa, ndio walioumia kidogo kuliko wote, na kwamba gharama halisi iliwashukia maofisa wa ngazi za chini yao ambao majina yao hayakutangazwa na ambao hawakuwa na seneta wa kuwasemea.

Kwanza utaratibu wenyewe. Katiba ya Marekani, katika ibara yake ya pili, inampa Rais mamlaka ya kuteua maofisa wa serikali kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, na maofisa wa kijeshi wamo ndani ya sharti hilo. Msomaji aliyezoea utaratibu wa Tanzania, ambako Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu humteua Mkuu wa Majeshi na kumwapisha Ikulu bila Bunge kupiga kura, huenda akashangaa kusikia kwamba Marekani hata kanali anayepanda kuwa brigedia jenerali hawezi kuvaa nyota yake mpaka Seneti iridhie. Watumishi wa kiraia wa ngazi ya juu katika Wizara hiyohiyo ya Ulinzi, wale wanaoendesha kurugenzi za bajeti, manunuzi na rasilimali watu, hawapiti huko isipokuwa wateule wa kisiasa. Sifa zao za uongozi huhakikiwa na bodi iliyo chini ya ofisi kuu ya utumishi wa umma, na uteuzi wao ukaendelea mwaka mzima wa 2023 bila kuguswa na mgogoro huu. Kwa hiyo katika jengo moja la Pentagon mkurugenzi wa kiraia aliweza kuanza kazi yake mpya ilhali jenerali aliyepaswa kushirikiana naye alikuwa bado anangoja.

Kwa kuwa maofisa ni wengi mno, Seneti kwa miongo mingi imekuwa ikiwathibitisha kwa mkupuo. Kamati ya Huduma za Kijeshi hupitia majina, huyapitisha, kisha orodha nzima husomwa ukumbini na kukubaliwa kwa ridhaa ya wote bila kuhesabu kura. Njia hii ni ya haraka, lakini imejengwa juu ya neno “wote”. Seneta mmoja akisema hapana, orodha inarudi mezani, na njia inayobaki ni kuyachukua majina moja baada ya jingine: kuwasilisha ombi la kufunga mjadala, kungoja, kupiga kura ya kufunga mjadala, kujadili kwa muda unaoweza kufika saa mbili, kisha kupiga kura ya mwisho. Zaidi ya nusu ya kura inatosha kushinda katika kila hatua, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumzuia ofisa yeyote mmoja moja kwa moja. Ila saa mbili ukizizidisha kwa watu 400 ni saa 800 za ukumbi, bila kuhesabu kura zenyewe, katika chombo ambacho pia kinapaswa kupitisha bajeti, kuthibitisha majaji na kutunga sheria. Nguvu ya Tuberville ilikuwa katika hesabu hiyo.

Chanzo cha ugomvi ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 24 Juni 2022, iliyoondoa ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba na kuyaachia majimbo uamuzi. Mwanajeshi hachagui jimbo la kuishi, hupelekwa. Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, akitumia hoja hiyo, alitoa waraka mwezi Oktoba 2022, na kanuni kamili zikatoka Februari 2023: mwanajeshi au mtegemezi wake anayehitaji huduma ya uzazi isiyopatikana alipo, ikiwemo kutoa mimba na matibabu ya kusaidia kupata mimba, angeweza kulipiwa posho ya safari, na mwanajeshi angepewa ruhusa ya kutokuwapo kazini kwa hadi siku 21. Gharama ya huduma yenyewe haikuwamo. Tuberville alikwisha kuonya mwezi Desemba 2022 kwamba angezuia uteuzi wote wa majenerali na maadmirali iwapo sera hiyo ingetekelezwa, na alitimiza neno lake.

Hoja yake ya kisheria haikuwa upuuzi, na ni vyema kuieleza kwa haki. Ipo sheria ya siku nyingi inayokataza fedha za Wizara ya Ulinzi kutumika kutoa mimba isipokuwa pale uhai wa mama uko hatarini au mimba imetokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu. Yeye aliona kwamba kulipa nauli ya kwenda kutoa mimba ni kuizunguka sheria hiyo, na kwamba mabadiliko ya aina hiyo ni kazi ya Bunge. Wizara ya Sheria ilikuwa imetoa maoni tarehe 3 Oktoba 2022 kwamba katazo linahusu huduma yenyewe na haligusi safari. Huo ni ubishi halali wa tafsiri, na mahali pake ni mahakamani au katika mswada wa bajeti ya ulinzi. Ninachokipinga ni mahali alipoupeleka. Brigedia jenerali anayesubiri kupelekwa kuongoza kambi ya mafunzo hakuandika sera hiyo, hana mamlaka ya kuifuta, na kanuni za utumishi zinamkataza hata kuitolea maoni ya kisiasa hadharani. Aliwekwa rehani kwa deni asilokopa, tena akiwa amefungwa mdomo.

Tuberville alijitetea kwamba utayari wa jeshi haukuathirika kwa kuwa hakuna kiti kilichokuwa kitupu: kila nafasi ilikuwa na mtu anayeikaimu. Kwenye karatasi ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Berger, Jenerali James McConville aliondoka kwenye ukuu wa Jeshi la Nchi Kavu mwanzoni mwa Agosti na Jenerali Randy George akakaimu. Siku kumi baadaye Admirali Michael Gilday akaondoka Jeshi la Wanamaji na Admirali Lisa Franchetti akakaimu. Kwa mara ya kwanza, majeshi matatu makubwa yakawa bila mkuu aliyethibitishwa kwa wakati mmoja. Lakini wote watatu walikuwa manaibu wa hao walioondoka, na walipokaimu hawakuacha unaibu. Naibu mkuu wa jeshi ndiye anayebeba shughuli za kila siku za bajeti, vifaa na wafanyakazi ili mkuu wake apate nafasi ya kufikiri mbali na kumshauri Rais. Mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, ile ya kila siku inaimeza ile ya mbali, maana ya kila siku ndiyo yenye kelele. Kwa upande wa Marine, kaimu hakuweza kutoa mwongozo wa mipango ambao kila mkuu mpya huutoa mwanzoni mwa kipindi chake na ambao ndio unaoelekeza kikosi kizima kwa miaka minne. Smith mwenyewe alisema hadharani mwezi Septemba kwamba ratiba yake, ya kulala karibu saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, isingeweza kuendelea.

Mshahara ni sehemu ambayo wengi waliielewa vibaya, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mshahara wa msingi wa wanajeshi wa Marekani hutegemea cheo na miaka ya utumishi, lakini kwa majenerali kuna dari: hauwezi kuzidi ngazi ya pili ya mishahara ya viongozi wakuu wa serikali, ambayo mwaka 2023 ilikuwa dola 212,100 kwa mwaka, sawa na takriban dola 17,675 kwa mwezi. Jenerali wa nyota nne hulipwa kiasi hicho. Luteni jenerali mwenye utumishi mrefu naye hukifikia. Maana yake ni kwamba ofisa anayepanda kutoka nyota tatu kwenda nne mara nyingi haongezewi hata senti katika mshahara wa msingi, ingawa dhamana anayoibeba inakuwa kubwa maradufu. Kwa watu kama Smith, Franchetti na George, ambao tayari walikuwa na nyota nne, zuio halikupunguza kipato.

Ukishuka ngazi, picha inabadilika. Kanali aliyechaguliwa kuwa brigedia jenerali, au kapteni wa wanamaji aliyechaguliwa kuwa admirali wa nyota moja, bado yuko mbali na dari, na kupanda kwake huleta nyongeza halisi kila mwezi. Mwaka huo wengi wao walipelekwa kufanya kazi za cheo kipya wakilipwa mshahara wa cheo cha zamani, kwa sababu kazi ilikuwa lazima ifanywe na sheria haimlipi mtu kwa cheo ambacho hajathibitishwa. Kuna na jambo la pensheni, ambalo halionekani mpaka miaka ipite. Pensheni ya wengi wao hukokotolewa kwa wastani wa miezi 36 yenye mshahara mkubwa zaidi, na kwa kawaida ofisa wa ngazi hizo hutakiwa kutumikia cheo kwa miaka mitatu ili astaafu nacho. Ofisa aliye karibu na ukomo wa utumishi, akicheleweshwa miezi tisa, saa yake ya miaka mitatu imechelewa kuanza kwa miezi tisa, wakati saa ya kustaafu inaendelea kama kawaida. Kwa maafisa wa namna hiyo ucheleweshaji haukuwa usumbufu wa kupita, kwani alama yake iliweza kubaki katika malipo ya uzeeni.

Makazi na uhamisho viliongeza uzito. Jeshi la Marekani huhamisha maofisa wake zaidi wakati wa kiangazi, ili watoto waanze mwaka wa shule katika kituo kipya. Zuio lilikaa katikati ya msimu huo. Aliyekuwa ameagizwa kuhama hakuweza kuhama, na aliyepaswa kustaafu akabaki kwenye nyumba aliyopangiwa mrithi. Nao wenzi wao, ambao kila baada ya miaka miwili au mitatu hutafuta kazi upya, hawakujua wajibu nini mwajiri anapouliza wataanza lini. Wizara ilikadiria kwamba kati ya majenerali na maadmirali 852 waliokuwapo, nafasi zipatazo 650 zingehitaji kupitia Seneti kabla ya mwaka kuisha.

Kuhusu mafunzo, uharibifu ulikuwa wa polepole na ni mgumu kuupima. Sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986, iliyotungwa baada ya operesheni kadhaa kuonyesha kwamba majeshi ya nchi hiyo hayakujua kupigana pamoja, iliweka sharti kwamba majenerali na maadmirali wapya wapitie kozi iitwayo Capstone, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi huko Fort McNair, Washington, kwa takriban wiki tano. Hapo ofisa aliyelelewa miaka 25 katika jeshi moja hukutanishwa na wenzake wa majeshi mengine, hutembelea kamandi za pamoja na kufundishwa kuona vita kwa upana kuliko ilivyo kwa kamanda wa brigedi. Kwa nyota tatu ipo kozi ya juu zaidi iitwayo Pinnacle. Mfumo huu unadhani kwamba kila mwaka kundi moja linapanda, jingine linafuata na viti vinaachwa kwa mpangilio. Vyeo vilipokwama, mpangilio huo uliyumba: ni vigumu kumtoa ofisa kwa wiki tano akiwa anashikilia viti viwili, na ni vigumu kumpangia kozi inayolingana na kazi yake mpya ilhali hajui kazi hiyo ataianza lini. Katika jeshi jenerali hawezi kuajiriwa kutoka nje. Atakayeongoza kamandi mwaka 2035 ni lazima awe kanali au brigedia jenerali sasa, na mwaka anaoupoteza katika ngazi hiyo haulipiki kwa fedha.

Maseneta wa chama cha Democratic nao wana sehemu yao katika kisa hiki, na maandishi mengi yamewapitisha kwa urahisi mno. Kiongozi wa chama hicho kilichokuwa na wengi katika Seneti, Chuck Schumer, angeweza tangu Mei kuanza kupeleka majina makubwa ukumbini moja moja. Alikataa, akisema kwamba kufanya hivyo kungehalalisha zuio na kumfanya kila seneta wa baadaye ajue kwamba jeshi ni mateka mzuri. Hoja hiyo ina uzito. Hata mimi naikubali kwa orodha ya watu 400. Kwa wakuu wa majeshi wanne au watano, hata hivyo, ilikuwa ni kuchagua ushindi wa hoja kuliko kiti kilichojaa. Ilichukua mpaka Tuberville mwenyewe aanze kukusanya saini za kulazimisha kura juu ya Smith ndipo Schumer alipobadili msimamo. Tarehe 20 Septemba Jenerali Charles Q. Brown alithibitishwa kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi kwa kura 83 dhidi ya 11, na siku iliyofuata George akapata 96 dhidi ya 1 na Smith 96 bila pingamizi. Kura hizo zilikula siku mbili. Ukizitazama, unajiuliza miezi ya kungoja ilikuwa ya nini.

Smith alipothibitishwa bado hakuwa na naibu aliyethibitishwa, maana Luteni Jenerali Christopher Mahoney alikuwa ndani ya orodha ileile. Tarehe 29 Oktoba, akiwa anakimbia karibu na makazi yake mjini Washington, moyo wa Smith ulisimama na akakimbizwa hospitali. Baadaye ilielezwa kwamba alikuwa na kasoro ya vali ya moyo, akafanyiwa upasuaji na kurejea kazini mwezi Machi 2024. Kwa hiyo si haki kusema kwamba zuio ndilo lililomwangusha, kama wengine walivyoharakisha kusema. Lililo wazi ni kwamba siku ile kikosi kilijikuta hakina mkuu wala naibu mkuu aliyethibitishwa, na uongozi ukashuka kwa luteni jenerali wa tatu katika safu.

Tukio hilo lilivunja uvumilivu wa maseneta wenzake Tuberville wa chama cha Republican. Usiku wa tarehe 1 Novemba maseneta Dan Sullivan, Joni Ernst, Lindsey Graham na wengine wawili, kadhaa wao wakiwa wamewahi kuvaa sare, walisimama ukumbini kwa saa kadhaa wakisoma jina moja baada ya jingine, majina 61, pamoja na wasifu wa kila ofisa, na kumtaka Tuberville apinge kila jina mbele ya kamera. Alipinga yote. Siku iliyofuata Franchetti, Mahoney na Jenerali David Allvin wa Jeshi la Anga walithibitishwa kwa kura za moja moja. Katikati ya Novemba Kamati ya Kanuni ikapitisha, kwa kura 9 dhidi ya 7, azimio la muda la kuruhusu majina ya kijeshi yapigiwe kura kwa mkupuo hata kama mtu mmoja anakataa. Azimio hilo lilihitaji kura 60 ukumbini, na hesabu zilikuwa zinaanza kukaribia. Tarehe 5 Desemba Tuberville aliachia maofisa wapatao 425, wote wakathibitishwa jioni hiyo bila kuhesabiwa kura; kumi na mmoja wa nyota nne waliobaki walipita tarehe 19 Desemba. Kwa kuwa zuio lilikwisha, azimio halikupelekwa ukumbini, na kanuni iliyomwezesha seneta mmoja kufanya yote haya ikabaki vilevile.

Sera nayo haikuguswa. Mwezi Machi 2024 Wizara ilitoa hesabu yake: kati ya Juni na Desemba 2023 posho hiyo ilikuwa imetumika mara 12, kwa jumla ya dola zisizofika 45,000, zikiwemo safari za huduma nyingine za uzazi. Tarehe 29 Januari 2025, siku chache baada ya utawala mpya kuingia, posho ilifutwa kwa waraka, kama ilivyokuwa imeanzishwa kwa waraka.

Mwezi uliofuata, tarehe 21 Februari 2025, Brown, Franchetti na Jenerali Jim Slife, makamu mkuu wa Jeshi la Anga aliyekuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja wa mwisho, waliondolewa usiku mmoja. Jenerali Timothy Haugh, ambaye alingoja tangu uteuzi wa Mei hadi Desemba 2023 ili ashike Kamandi ya Mtandao na Shirika la Usalama la Taifa, aliondolewa Aprili. Ridhaa ya Seneti inahitajika ofisa anapoingia katika nafasi hizo. Anapotolewa haihitajiki, na hakuna kura iliyoitishwa kwa yeyote kati yao.